Ngazi ya Nyuma ya Mzee Nyakundi

Kisii mjini,
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ni mdogo wangu Mariamu anayekusomea, kwa hiyo Mariamu, kwanza mpe Mama chai, maana barua hii ni ndefu na yeye hapendi kusikiliza koo likiwa kavu. Mguu unasemaje, Mama? Ule uliovimba wakati wa masika, umekubali viatu sasa au bado unatembea na kandambili upande mmoja? Na yule kuku wako mweupe mwenye kiburi, ametaga au ameliwa? Mimi huku siumwi, nakula vizuri, nalala vizuri. Vidole vyangu kumi vyote vipo. Nimevihesabu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu najua hilo ndilo swali lako la kwanza.

Kwenye simu tunasalimiana, unaniuliza kama nimekula, nakuambia nimekula, mtandao unakatika. Lakini nina jambo ambalo halifai kusemwa kwa kukatikakatika, ndiyo maana leo nimenunua karatasi. Nitakusimulia kwanza habari ya jengo, maana jambo lenyewe limetoka humo humo.

Safari ile uliniuliza ni nyumba gani hiyo isiyokwisha. Ni ghorofa tisa, Mama, nyumba ya kupangisha, katikati ya mji, karibu na mahali ambapo malori hupakia ndizi mbichi asubuhi. Mji huu hauna mahali tambarare pa kuweka hata meza. Umekaa kwenye mteremko, na jengo letu limekaa hivyo hivyo: ukiingia kwa mbele, barabara ya juu, unadhani uko chini kabisa, ukizunguka nyuma, barabara ya chini, unakuta kumbe pale ulipokuwa umesimama ni ghorofani. Wiki ya kwanza nilipotea ndani ya jengo ninalolijenga mwenyewe. Nikawauliza wenzangu, "Hapa tuko chini au juu?" Walicheka mpaka wakaweka sepetu chini.

Kazi yangu unaijua. Natengeneza fomu, yale makasha ya mbao ambayo ndani yake humwagwa zege, likikauka linakuwa nguzo, sakafu au ngazi. Nguzo mtu yeyote anaweza. Ngazi ndiyo inayomtenga fundi na mpiga misumari, na ni kwa ajili ya ngazi waliniita kutoka huko kwetu mpaka huku. Siku ya kumwaga zege wanaiita koroga. Siku hiyo wanakuja watu arobaini, wanawake kwa wanaume, wanapanga mstari kutoka kwenye mashine mpaka juu, makarai yanapita mkono kwa mkono, na nyimbo haziishi. Ungependa kuiona.

Kiswahili changu kinawachekesha sana. Nikisema "naomba nyundo," wananiuliza kwa nini naomba, kwani nyundo ni ya nani? Wao husema "leta nyundo," basi. Wakiwa peke yao ni Kikisii tupu, nami nakaa katikati nikibahatisha. Nimeokota maneno mawili matatu. Huku mama wanamwita baba, na baba wanamwita tata. Kwa hiyo ningekuwa mtu wa huku, barua hii ningeianza "Baba yangu mpendwa," na Mariamu angedhani nimerukwa na akili.

Mwenye jengo ni Mzee Nyakundi. Ana miaka sabini na ushee, kwao ni Birongo, huko vilimani, na mali yake yote imetokana na ndizi. Mkewe alifariki mwaka juzi, na tangu hapo anaishi peke yake kwenye boma kubwa. Watoto wake wamekubaliana kwamba jengo likiisha atahamia mjini, ghorofa ya nne, upande wa nyuma unaotazama vilima vya kwao, ili awe karibu nao na karibu na hospitali. Yeye mwenyewe anangojea kwa hamu. Kila akija anauliza jambo moja tu, "Ya nne mmefika?" Miguu yake ni ya mtu wa milimani, akipanda ngazi ananiacha nikihema. Lifti ameapa hataingia. Anasema hawezi kufungiwa ndani ya sanduku akiwa bado mzima.

Msimamizi ni mwanawe, Ombati, kijana msomi, suruali ya kupigwa pasi na buti za mvua, simu haitoki sikioni. Si mtu mbaya. Ila ana haraka. Yeye na mkewe watakaa ghorofa ya tano, na mkewe huyo, Kerubo, ndiye anayetunza stoo yetu pale kazini. Kerubo anajua kila msumari ulipo. Ukichukua kumi ukasema umechukua minane, anakutazama tu, unarudisha mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mchoro wa kwanza wa jengo ulikuwa na ngazi mbili, ya mbele na ya nyuma. Sakafu mbili za mwanzo tuliacha tundu kwa ajili ya ngazi ya nyuma kama mchoro ulivyosema. Tukiwa tunajiandaa kwa ya tatu, Ombati akaja na mchoro mwingine. Ngazi ya nyuma ilikuwa imefutwa. Mahali pake pameandikwa chumba, na juu yake chumba, mpaka juu kabisa. Akaniambia nizibe.

Mama, unalijua kovu la mkono wangu wa kushoto, maana wewe ndiye uliyeliosha kila asubuhi mpaka likapona. Ile nyumba ya wageni kule Dar ilikuwa na ngazi moja, na moto ulianzia kwenye ngazi. Mimi niliruka dirishani. Wale wawili wa chumba cha jirani hawakuruka. Kwa hiyo nilipoona ngazi imefutwa nilimfuata Ombati nikamwambia, "Bosi, moto ukitokea watu watapita wapi?"

"Fundi, hiyo story ya moto wacha," akanijibu. "Kisii mvua inanyesha kila siku. Moto itatoka wapi?"

Nikamwambia moto wa jikoni haujui kama nje kunanyesha. Nikarudia kesho yake. Nikarudia tena keshokutwa. Mara ya tatu aliondoa simu sikioni, jambo ambalo halifanyi kwa mtu yeyote, akasema polepole, "Koroga ni Alhamisi ya wiki ijayo. Hiyo shimo iwe imezibwa. Ukiona huwezi, gari za kurudi Tanzania ziko pale stage." Zege likishamwagwa likakaza, Mama, hakuna tena habari ya ngazi. Nilikuwa na siku tisa, na sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Mzee mwenyewe. Lakini kibarua kama mimi nitamwendeaje Mzee nimsemee mwanawe?

Hapo ndipo akili yangu, unayoisifu mbele ya majirani, iliponitia matatani.

Kulikuwa na jambo nililolitazama kwa miezi na sikulielewa. Mzee Nyakundi alikuwa haingii kwenye jengo lake kama mtu anayeingia kwake. Akifika anasimama barabarani, anakohoa kwa nguvu, anagonga bati la uzio kwa fimbo, anangoja. Kerubo akisikia kikohozi hicho, anatoweka. Anaingia stoo, anafunga mlango. Kama yuko kwenye ngazi na ndoo kichwani, anageuka anarudi alikotoka. Siku moja mvua ilimkuta Mzee nje, na Kerubo alikuwa anafagia mlangoni. Mzee hakuingia. Alivuka barabara akasimama chini ya kibaraza cha duka, akalowa mpaka magoti, mpaka Kerubo akamaliza akaondoka. Na hawasemezani. Mzee akitaka kitu cha stoo anamtuma Momanyi, mwashi wetu kutoka Suneka: "Mwambia huyo mama anatunza vitu."

Wewe unanijua, siwezi kukaa na jambo nisilolijua, linaniwasha. Nikamuuliza Momanyi kwa nini hawa wawili wanakimbiana.

"Ni heshima tu," akasema, akaendelea kupanga mawe.

Nikajisemea, heshima gani hii ya kumwacha mzee alowe? Nikaamua kwamba Momanyi ananificha aibu ya familia. Kwa hesabu zangu, walikuwa wamegombana, pengine kwenye msiba wa mama mkwe. Nikaona kheri mbili kwa mpigo: nikiwapatanisha nitapata thawabu, na Mzee akiwa na furaha nitapata mwanya wa kumwambia habari ya ngazi.

Mama, nilipanga kila kitu. Jumatatu Mzee alipokuja, nilimpokea barabarani kabla hajakohoa, nikamwomba apande nami akaione ngazi ya mbele, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, kama vipandio vinamfaa. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia Kerubo aniletee misumari ya inchi nne kule juu, na kwamba Mzee leo haji. Naam, nilidanganya. Ngazi ile ina ukuta pande zote mbili, watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane. Mzee akawa anapanda, Kerubo, aliyekuwa ametangulia juu akanikosa, akawa anashuka na boksi la misumari mkononi. Wakakutana katikati.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kerubo aliachia boksi, misumari ikamwagika ngazi nzima, akajifunika uso kwa leso yake na kujibana kwenye kona kama anataka kuingia ndani ya ukuta. Mzee aligeuka akatazama ukuta wa upande wake, akavuta kofia mpaka kwenye pua. Mafundi wakaacha kazi, hata mashine ya kukata nondo ilizimwa. Na mwanao, Mama, mwanao uliyemsomesha, akasimama katikati yao akitabasamu, akasema kwa sauti kubwa, "Haya basi, shikaneni mikono yaishe!"

Nikiikumbuka sentensi hiyo nikiwa peke yangu, najikunja.

Mzee alishuka bila kuinua macho, akigusa ukuta kwa mkono. Hakurudi siku hiyo wala Jumanne. Kerubo alifunga stoo akaenda nyumbani. Momanyi alinishika bega akanipeleka nyuma ya rundo la kokoto.

"Fundi, wewe ni mtu wa aina gani? Unashikanisha mzee mkono na bibi ya kijana yake?" Huku bibi ni mke, na kijana ni mtoto wa kiume.

"Si wamegombana?"

"Nani amegombana? Huyo mzee anapenda huyo msichana kushinda Ombati!"

Ndipo akanieleza, na mimi nikauliza, akaeleza tena, nikauliza tena, mpaka akachoka. Wanaiita chinsoni. Ni kuoneana haya, lakini haya yenye sheria zake. Baba hagusani mkono na mke wa mwanawe. Haingii nyumbani kwake. Hakai karibu na mahali mkwewe anapolala wala anapoogea, wala huyo mkwe hakai karibu na pa baba mkwe. Wakikaribia kukutana mahali pembamba, mmoja anampisha mwenzake. Momanyi alisema wengi siku hizi wamelegeza, wanasalimiana kanisani kwa mkono na hakuna anayeshangaa. Lakini Mzee Nyakundi ni wa zamani, na Kerubo amelelewa na bibi yake, naye ni hivyo hivyo. Kile kikohozi cha barabarani kilikuwa ni salamu. Kule kulowa kwa mvua kulikuwa ni kumtunza.

"Na mimi nilikuambia ni heshima," akasema Momanyi. "Wewe ukadhani heshima ni neno ya kufunika kitu."

Niliona aibu, Mama, aibu ya kweli, ile ya kukosa hamu ya kula. Jumatano niliomba ruhusa, nikanunua mkate, sukari na pakiti mbili za maziwa, nikapanda bodaboda mpaka Birongo. Nilimkuta Mzee chini ya migomba yake akikata majani makavu. Kofia ilikuwa kichwani, imerudi mahali pake. Nilianza kuomba radhi kabla hata sijashuka vizuri kwenye pikipiki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ni mgeni," akasema. "Hii moja nimesamehe. Ingine usifanye." Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka. "Shikaneni mikono! Mimi naona ukuta, nasikia wewe unasema shikaneni mikono! Nikasema leo mimi nakufa."

Alinikaribisha ndani, nikaletewa ugali wa wimbi, yaani ulezi, na mboga ya chinsaga, ile chungu kidogo inayopikwa na maziwa, tamu ajabu. Tulikula, tukazungumza habari za ndizi. Ningeweza kuondoka hapo nikiwa nimesamehewa na tumbo limejaa. Lakini swali lilikuwa limenikaa kooni njia nzima, na halikuwa la ujanja, nakuapia, nilitaka tu kujua.

"Mzee," nikasema, "mkishahamia, Kerubo atakuwa anapita mlangoni kwako kila siku kwenda ya tano. Mtafanyaje?"

"Yeye atapita mbele. Mimi nitapita nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kwa ile ngazi ya nyuma. Inatokea barabara ya chini. Mimi niliambia wenye kuchora waweke hapo kwa sababu hiyo."

Mama, kumbe hakujua. Nilitazama sahani yangu. Nikisema, nimemchongea Ombati na kibarua changu kimeota nyasi. Nikinyamaza, kesho tunamwaga zege, na huyu mzee atakuja kukuta amejengewa nyumba asiyoweza kuingia. Nikafikiri pia juu ya wale wawili wa chumba cha jirani.

"Ngazi ya nyuma imefutwa, Mzee. Kesho tunaziba."

Alivuta bakuli akanawa mikono, ingawa alikuwa ameshanawa.

Alhamisi saa moja asubuhi watu arobaini walikuwa wamesimama na makarai, mashine inanguruma. Mimi nilikuwa nimeziba lile tundu kwa mbao kama nilivyoamriwa, lakini kwa misumari michache, hilo ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wangu. Mara nikasikia bati la uzio linagongwa. Kikohozi kimoja, viwili. Kerubo akaingia stoo. Mzee akapanda moja kwa moja mpaka tulipokuwa, akaenda kusimama juu ya zile mbao zangu na fimbo yake, akasema mashine izimwe. Alizungumza na mwanawe kwa Kiswahili. Nadhani alitaka sisi wote tusikie.

"Ngazi yangu iko wapi?"

"Tata, hiyo ngazi ilikuwa inakula nyumba moja kila floor. Ya mbele iko, inatosha watu wote."

"Inatosha watu wote. Mimi na bibi yako tupite hapo pamoja?"

Ombati akageuka kuitazama ngazi ya mbele.

"Ama mimi nipite kwa dirisha?"

"Tata, si ungeniambia tu hiyo ndiyo sababu?"

Mzee aligonga mbao kwa fimbo. "Hii ni maneno ya mtu kuambia kijana yake?"

Nilimwona Ombati akibadilika uso. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni mwake mwenyewe. Nafikiri alikuwa hajawahi kuliwaza jambo hilo, kwa vile yeye kila siku hupita popote. Alitazama kule stoo, kwenye mlango uliofungwa, akatazama buti zake. Halafu akaja kwangu. Nikajua sasa naambiwa habari za stage.

"Fundi, toa hizo mbao."

Nilizing'oa kwa dakika tano. "Hizi misumari mbona ni kidogo hivi?" akaniuliza. Nikamwambia huenda stoo iliishiwa. Kutoka kule stoo nilisikia mtu anacheka.

Koroga iliahirishwa mpaka Jumamosi, kwa sababu haikuwa ngazi peke yake. Fundi bomba wetu, Mjaluo mmoja kutoka Homa Bay, aliinua mkono akasema naye ana swali: mabomba yote ya bafu yanashuka kwenye ukuta mmoja, sasa maji ya kuogea ya mama wa ya tano si yatapita ukutani kwa Mzee wa ya nne? Mzee aliondoka haraka sana aliposikia hivyo. Mabomba yakahamishwa. Nyumba ya Ombati sasa iko mbele, ya Mzee iko nyuma, kila moja ina njia yake na bomba lake, na wapangaji wote wa jengo lile watakuwa na ngazi mbili za kukimbilia. Mimi nilipiga kelele za moto wiki nzima sikusikilizwa. Kuoneana haya kwa watu wawili ndiko kulikofungua ile ngazi. Nimekaa nikilifikiri jambo hilo mara nyingi na bado linanishangaza.

Kerubo aliniletea chai mwenyewe siku hiyo ya Jumamosi. Alisema, "Fundi, ulituaibisha mbele ya watu, na hiyo sitasahau. Lakini mimi nilikuwa nimeambia bwanangu nitabaki Suneka kwa nyumba ya kukodi, siendi hiyo ghorofa. Alidhani sitaki kukaa na watu wao." Akaondoka, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuuliza kitu.

Sasa tuko sakafu ya sita. Wiki iliyopita ngazi ya nyuma ilifika ya nne, na Mzee akaja kuijaribu. Aliingia kwa barabara ya chini, akapanda polepole, akikohoa kila kona ingawa hakukuwa na mtu. Alifika kwenye kile kitakachokuwa chumba chake, hakina dirisha bado, akasimama pale akitazama vilima. Aliniuliza kitanda kitakaa wapi. Nikamwonyesha. Akalala chini pale pale kwenye zege, kofia kifuani, kuona kama patamfaa, akasema patamfaa.

Ngazi hii imeniongezea kazi, Mama, kwa hiyo ile Idi niliyokuahidi sitakuwa nimefika. Nitakuja baada yake, nimeshaomba ruhusa na Ombati amenikubalia. Salamu zimfikie Mjomba, fundi wa baiskeli, na mwambie brashi ya waya aliyotaka nimeipata. Salamu kwa shangazi wa ng'ambo ya reli, aliyenipa ile dua ya safari, na kwa mama mwuza maandazi anayekusaidia kuchota maji. Jirani yetu muadhini mwambie huku msikiti si mbali, nasikia adhana vizuri zaidi nikiwa juu ya jengo kuliko nikiwa chini. Momanyi naye anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema anamhurumia mwanamke aliyenilea na maswali yangu.

Mariamu, hapa soma polepole.

Mama, nilipomwoa Saida nilimleta hapo kwako tukae pamoja. Siku ya tatu ulibeba godoro lako ukaenda kulala kwenye kibanda cha jiko, huko nje, na ilikuwa masika. Hukusema neno. Saida alilia, akasema humtaki. Mimi nilikasirika. Mwezi haukuisha nikamchukua tukapanga chumba Morogoro mjini, na tangu hapo ni miaka sita, tunakuja mchana, tunakula, tunaondoka kabla ya magharibi. Wajukuu zako hawajawahi kulala kwako hata siku moja. Nimekubebea kinyongo miaka sita, Mama. Mimi ninayemuuliza kila mtu kila kitu, mpaka mabomba ya watu, sikukuuliza wewe hata mara moja.

Jumatano ile nikirudi kutoka Birongo, juu ya bodaboda, nilianza kuifikiria nyumba yetu. Vyumba viwili. Ukuta wa katikati haufiki darini. Baba aliujenga mpaka usawa wa kichwa matofali yakaisha. Nimekulia chini ya ukuta ule. Nimejenga kuta za watu wangapi, na ule sikuwahi kuutazama. Mtu akigeuka kitandani upande huu, wa upande ule anasikia.

Ulikuwa unatupisha, Mama?

Usimjibu Mariamu, usinijibu kwa simu. Nikija nitakuja na Saida na watoto, tutafika jioni, na nitakuwa na matofali.

Ni mimi mwanao,
Shabani